Nilichotupa Nyambureti

Nimeacha kazi miezi mitatu sasa, na bado nikiamka naangalia kwanza kucha zangu kama zina saruji. Hazina. Magoti ndiyo hayajapata taarifa kwamba tumestaafu. Yanauma kila asubuhi saa ileile niliyokuwa napanda bodaboda. Kulwa, mwenzangu wa miaka mingi, amenisumbua niandike. Anasema ninyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa mnajua majina ya sabuni zote lakini kusafisha hamjui, na kwamba nikifa na haya ninayoyajua itakuwa hasara. Kulwa ana tabia ya kunizika mapema. Lakini nimekubali, kwa sababu kuna nyumba moja kule Nyambureti ambayo mama mwenye nyumba alikataa kuingia kwa ajili ya kitu nilichokitupa mimi. Nisipoisimulia mwenyewe, mtaisikia kwa watu ambao hawakuwepo. Nitafika huko. Nina haraka kidogo tu, kwa sababu kukaa kwenye kiti muda mrefu nako kunaniumiza mgongo.

Watu wengi hawajui kwamba kazi yetu ni kazi. Mtu anavunja ukuta, anabadili paa, anapiga skimu, anaweka vigae, halafu anadhani siku fundi akiondoka nyumba imekwisha. Anafungua mlango anakuta vumbi la gipsamu limeingia hadi ndani ya sufuria, vioo vina matone ya rangi, saruji imeganda kwenye sinki, na kila kona kuna misumari, mifuko, na chupa ambazo sisi hatuulizi zilikuwa na nini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ukuta ukishajengwa nani atafagia. Ni sisi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa hapa hapa Nkende, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa ameifanya varanda yake kuwa sebule. Nilikuwa nimefiwa na mume, nina watoto watatu, na nilichojua ni kufagia uwanja. Aliyenichukua aliitwa Mama Bhoke. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amesafisha nyumba za wageni miaka mingi kabla mimi sijajua mopa ni nini. Alinipa chumba cha nyuma, yeye akaenda mbele. Chumba kile kilikuwa na vumbi la saruji la kufunika vidole vya miguu. Nikafanya alichokuwa anafanya mama yangu kila asubuhi kabla ya kufagia: nikanyunyiza maji ili vumbi lisiruke. Nikanyunyiza ya kutosha, maana nilitaka nionekane najua. Halafu nikaitwa kusaidia madirisha, na jua likatuchwea huko.

Kesho yake tulikuta limeganda. Mama Bhoke hakunifokea. Aligonga pale chini kwa kisigino, pakalia kama jiwe.

"Umewawekea sakafu ya pili," akasema. "Wewe sio mfagiaji, wewe ni fundi."

Akanipa kile kisu bapa cha mafundi rangi, na kwa siku mbili nikatambaa na magoti nikiikwangua sakafu yangu mwenyewe. Nadhani maumivu haya ya sasa yalianzia pale, ila daktari hakubali. Basi hilo ndilo la kwanza, na mkisahau mengine yote msisahau hili: kavu kwanza, maji baadaye. Fagia, futa, toa kila punje ya saruji ikiwa kavu, ndipo ushike ndoo. Na anza juu. Feni, kingo za dari, vichwa vya milango, madirisha, ndipo sakafu. Nimeona wasichana wenye vyeti wanaanza kupiga deki halafu wanapanda kufuta dari. Huwa nawaacha, nakaa pembeni nakunywa chai.

Mama Bhoke alikuwa na vifaa vichache, na vyote alivifungasha kwenye kanga moja kuukuu. Kisu bapa. Wembe, wa kukwangua rangi kwenye kioo, lakini kioo kikiwa na povu la sabuni, kwa sababu wembe mkavu huacha mikwaruzo na mwenye nyumba huiona siku ya kwanza jua likipiga. Brashi ngumu ya kufulia. Matambara ya fulana za pamba, siyo yale ya nailoni yanayosambaza vumbi tu. Mswaki wa zamani, kwa ajili ya mifereji kati ya vigae. Na kidumu cha asidi, ambacho hakuniruhusu kukigusa mwaka mzima. Aliposhawishika, alinifundisha hivi: maji kwanza kwenye ndoo, asidi baadaye, kidogo kidogo, na kamwe usigeuze. Madirisha yote wazi. Uso ugeuzie penye upepo. Usiipake kwenye sakafu ya terazo, itaila. Akanionyesha kovu kwenye mkono wake, bila kueleza, akaendelea na kazi.

Alikuwa pia na msemo wake: "Vumbi halina haraka." Alimaanisha kwamba unaweza kumaliza nyumba jioni, ikang'aa, ukasifiwa, na asubuhi ukakuta kila kitu kimefunikwa tena, kwa sababu vumbi la gipsamu hukaa hewani likisubiri uondoke. Kwa hiyo tulikuwa tunarudi siku ya pili kufuta tena, hata kama mwenye nyumba hakutuomba. Wengine walidhani tumesahau kitu.

Ila desturi yake kubwa ilikuwa ya marundo. Kila nyumba tulitenga marundo matatu. La kwanza takataka. La pili vitu vya mafundi, koleo na pimamaji wanazosahau halafu wanakuja kutusingizia sisi. La tatu aliliita rundo la kuuliza. Humo aliweka kila kitu ambacho hakikuwa takataka wala cha fundi: kifungo, ufunguo usio na kufuli, picha iliyotoka nyuma ya kabati, mtungi uliopasuka mdomo. Rundo hilo halikuondoka mpaka mama mwenye nyumba alipite kwa macho yake. Siyo baba. Baba husema tupeni tu, halafu wiki ya pili mama anakuja kulia kwenye mlango wako. Niliwahi kumwuliza Mama Bhoke kama hatupotezi muda. Akaniambia muda ninaoupoteza ni ule wa kuuliza maswali nikiwa nimeegemea fagio.

Kazi ilinitembeza. Sirari tulisafisha nyumba ya ghorofa ya mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa na duka upande huu na nyumba nyingine upande wa pili wa mpaka. Alitufuata chumba kwa chumba akipitisha kidole juu ya milango. "Hii kitu bado iko chafu, mathe," ananiambia. Nafuta. "Bado." Nafuta. Mara ya nne Mama Bhoke akamwomba aoneshe kile kidole chake. Kilikuwa na unga wa chapati aliyokuwa anakula. Yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na tangu hapo hakutufuata tena.

Issenye kulikuwa na nyumba ya zamani ambayo dari yake ya mbao iliondolewa ili iwekwe mpya. Mafundi waliifumua bila kutuambia juu kuna nini. Juu kulikuwa na popo, miaka na miaka ya popo, na mavi yao yalikuwa yamejaa kama mahindi ghalani. Yalishuka yote mara moja. Tuliifanya nyumba ile kwa siku sita, tumejifunga kanga puani, na ile harufu ilikaa kwenye nywele zangu mpaka nikanyoa. Kifua changu hakijawahi kurudi sawasawa tangu siku zile. Ninyi vaeni barakoa. Msione aibu, mafundi watawacheka, na wao ndio wanaokohoa wakilala.

Kulwa alijiunga nasi baada ya hapo. Alitoka Shinyanga akimfuata mume kwenye machimbo ya dhahabu. Mume akafuata mashimo mengine mbali zaidi, yeye akachoka kufuata, akabaki Tarime. Kikurya hajui mpaka leo zaidi ya kusalimia, na anasalimia vibaya, lakini mikono yake ina akili. Mama Bhoke alipofariki, kanga ya vifaa iliachwa kwangu, na Kulwa akawa ndiye wa kushika upande wa pili wa ngazi. Tukaendelea hivyo, wawili, muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu.

Sasa Nyambureti.

Aliyenipigia aliitwa Marwa. Ana duka la spea Mwanza, kijana mwenye heshima, wa kukupa shikamoo hata kwenye simu. Alikuwa amemkarabatia mama yake nyumba. Baba yake alikuwa marehemu, na mji wake ulikuwa na wake wawili. Mama yake, Bibi Wankuru, ndiye mkubwa, na mke mwenza wake alikaa nyumba ya ng'ambo ya uwanja. Wakati wa ujenzi Bibi alipelekwa kwa binti yake Mugumu ili asivute vumbi. Marwa alikuwa ameinua paa, ameweka vigae, dari ya gipsamu, na lile jiko la zamani la udongo lililokuwa pembeni ameliunganisha na nyumba, likawa na sinki, makabati na jiko la gesi. Alitaka mama yake aikute tayari. "Nataka asikute kitu chochote cha zamani cha kumchosha, mama Ghati," aliniambia. "Ametosha kuteseka na moshi."

Tulifika mimi na Kulwa tukakuta uchafu wa kawaida, na uchovu wangu haukuwa wa kawaida. Niwaambie ukweli, mwaka ule wote nilikuwa nafanya kazi kwa mazoea. Nilikuwa napanda ngazi huku nikihesabu vidato. Siku ya tatu ilikuwa ya kutoa kifusi. Trekta lilikuja na tela, dereva akakaa juu anapiga honi kila dakika kama vile sisi ni ng'ombe barabarani. Kulwa alikuwa anatoa mifuko ya saruji iliyorundikwa kwenye stoo, na chini ya mifuko akakuta mawe matatu. Mafundi walikuwa wameyang'oa jikoni ili waweke vigae, wakayasukumia pale. Yalikuwa makubwa kiasi cha kichwa cha mtoto, upande mmoja mweusi tii kwa masizi, na juu yamelainika kwa vyungu vya miaka.

Kulwa akanyoosha mgongo. "Mama Ghati, haya mawe ni rundo lipi?"

Kulwa ni Msukuma, hakujua la kwetu, ndiyo maana akauliza. Mimi nimezaliwa Tarime. Nilipoolewa, mama mkwe wangu ndiye aliyenipangia mafiga yangu kwa mikono yake, na siku hiyo ndipo nilipokuwa mwenye nyumba, siyo siku ya ng'ombe wa mahari. Najua kwamba mafiga ya mwanamke hayatolewi nje akiwa hai, ila kama mumewe amemfukuza. Mtoto wa darasa la tatu huku analijua hilo. Niliyaona yale mawe, nikayatambua, na moyo ukaniambia neno. Honi ikapiga. Kifua kilikuwa kinabana. Nikajiambia mama huyu sasa ana gesi, na mwanawe amesema kila kitu cha zamani kitoke.

Nikasema, "Tupa."

Nimetafuta sababu nyingine tangu siku ile, sijaipata. Nilichoka tu.

Bibi Wankuru alirudi Jumapili baada ya ibada. Watu walikuwa wengi, mbuzi amechinjwa, kreti za soda zimepangwa kwenye kivuli. Marwa alituomba tubaki, ili mama yake awaone waliomng'arishia nyumba. Bibi alishuka kwenye gari, mwembamba, wima, na fimbo ambayo hakuiegemea. Tukampa shikamoo, akaitikia mmoja mmoja. Marwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele na funguo mkononi. Bibi hakwenda huko. Alizunguka nyumba akaenda kwenye mlango wa jiko, na wote tukamfuata nyuma.

Alisimama nje ya kizingiti akaangalia ndani. Vigae vilikuwa vinang'aa, navikumbuka, nilivifuta mara tatu. Aliangalia ile kona aliyopikia tangu ujana wake. Pale palikuwa na kabati.

"Mura," akamwambia mwanawe, kama mama zetu wanavyowaita vijana wa kiume waliokwisha kutahiriwa, "mafiga yangu yako wapi?"

Marwa akacheka kwa furaha. "Mama, sasa una gesi. Unawasha hivi tu."

"Sikuuliza gesi."

Marwa akanitazama, na mimi nikajua kwamba hakuwa amefikiria hata mara moja juu ya yale mawe. Ametoka nyumbani mdogo, jiko kwake lilikuwa mahali pa kula.

"Nimeyatoa mimi, mama," nikasema.

Akanigeukia. "Wewe wa wapi?"

"Nkende. Nimezaliwa Tarime."

"Mkurya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ulijua."

"Nilijua."

Aliniangalia bila hasira, na hasira ingekuwa nafuu. Kisha akasema, kwa watu wote lakini kwa sauti ya kawaida: "Baba yao alinipiga. Akaoa mwingine. Mafiga yangu hakuyagusa mpaka anakufa. Leo nimeachika nikiwa mjane."

Akavuka uwanja akaingia jikoni kwa mke mwenza wake. Wale wazee wawili, niliambiwa, hawakuwa wameingiliana majikoni kwa miaka mingi. Marwa alimfuata, akamwomba, akamwahidi mawe mengine, hata ya kuchongwa. Bibi akamjibu kutoka ndani, "Nisipokuwa na pa kupikia, hapo mimi ni mgeni. Mgeni hafungui mlango." Nyama iliiva, watu wakala nusunusu na kuondoka mapema. Kabla ya jioni njia nzima ilikuwa inasema Marwa amemjengea mama yake nyumba ili amfukuze. Yeye alikaa kwenye sebule mpya, peke yake, ameshika funguo.

Kulwa alitaka turudi Tarime. Alisema kazi tumemaliza. Nikamwambia aende. Hakwenda, akanuna tu, na asubuhi ndiye aliyeazima majembe.

Dereva wa trekta alituelekeza alikomwaga kifusi: kwenye barabara, pale inapokatiza kijito, ambako magari yalikuwa yamechimba mashimo. Tulikuta kimeshindiliwa na mvua na magurudumu. Tukaanza kuchimba barabara ambayo kijiji kilikuwa kimeshukuru kupata. Wapita njia walisimama kutuuliza, nami niliwaeleza, kwa sababu nilishachoka hata kuona haya. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kisimani akaweka ndoo yake chini, akachimba nasi kidogo, akaondoka bila kusema jina. Figa la kwanza tulilijua kwa masizi. La pili lilikuwa chini ya vipande vya matofali. La tatu tulilipata karibu na adhuhuri, limepasuka vipande viwili chini ya gurudumu, na sehemu ya tatu imesagika hatukuiona.

Kulwa alikuwa tayari amechota maji kijitoni. Mkono wake ulikuwa juu ya jiwe na tambara. Nikamshika. Katika miaka yote ile sikuwahi kumzuia mtu kusafisha kitu, na alinitazama kama nimepata homa.

Tukayatia kwenye kiroba, tukapanda bodaboda. Huku mtu akibeba mawe kwenye kiroba huulizwa swali moja tu, la dhahabu. "Mama, mmepata?" kijana wa boda akaniuliza, anachungulia. "Tumepata," nikamwambia. Alitupeleka taratibu sana, kwa heshima zote.

Bibi Wankuru alikuwa amekaa nje ya jiko la mke mwenza, anachambua mboga. Nikapiga magoti, yanavyouma, nikayapanga mbele yake. Nikamwambia nimekosa, na kwamba moja limevunjika na sina la kusema. Aliyageuza moja moja. Akapitisha kidole kwenye masizi, akakiangalia kidole. Vile vipande viwili alijaribu kuviunganisha, havikukutana. Nilikuwa nasubiri neno. Nilikuwa tayari kwa neno lolote.

"Beba," akasema.

Nikabeba mazima, Kulwa vipande. Bibi akaazima chungu kwa mke mwenza, akachukua na kuni za huyo mwenzake, akatangulia. Kwenye mlango wa jiko hakusimama. Aliingia peku juu ya vile vigae, akafika katikati ya chumba, penye nafasi, chini ya ile dari nyeupe, akaonyesha kwa fimbo. "Hapa."

Marwa alikuja mbio kutoka sebuleni. "Mama, vigae vitapasuka. Na ile dari—"

"Vipasuke."

Tukapanga. Bibi akawasha moto kwa nyasi kavu na vijiti, akapuliza, akaweka kuni, akatenga chungu. Chungu kikalala upande. Akakiinua, akazungusha lile figa bovu, akatenga tena. Kikalala. Mafiga mawili hayainjiki chungu, kila mtu anajua, na pale tulikuwa na mawili na nusu. Akajaribu mara ya tatu. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yule mama angeweza kulia.

Hakuna aliyesogea. Mimi sikuwa na haki ya kuligusa tena. Marwa alisimama pale na suruali yake ya Jumapili, iliyokuwa bado mwilini tangu jana, anaangalia moshi unavyopanda. Kisha akatoka. Nilidhani amekasirika ameondoka. Akarudi na kipande cha kigae kilichobaki kwenye boksi, akapiga magoti kando ya moto, akakisukumiza chini ya figa lililovunjika. Hakikutosha. Akaenda akaleta kingine. Aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia sakafu, akipima kwa jicho, mama yake akiwa ameshikilia chungu juu kwa mikono miwili.

"Tua," akasema.

Bibi akatua. Chungu kikakaa.

Kigae cha sakafuni kilipasuka kabla maji hayajachemka, kwa sauti kubwa. Moshi ulifika darini ukatanda, na ile gipsamu niliyoifuta nimelala chali juu ya ngazi kwa siku nzima ikaanza kubadilika rangi mbele ya macho yangu. Mkono wangu wa kulia ulitafuta tambara. Ni mkono wa mazoea, haujui mambo. Nikaukalia.

Bibi alisonga ugali wa mtama mwenyewe, hakumruhusu mtu. Mke mwenza alileta mboga na kukaa mlangoni. Tukanawa, tukaizunguka sahani moja. Marwa, macho mekundu kwa moshi, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama masizi ya darini hutoka. Nikamwambia hutoka, nikamtajia dawa yake na namna ya kupaka.

"Basi nitakuwa nakupigia, mama Ghati. Kila mwezi."

"Usinipigie mimi," nikasema. "Mpigie Kulwa. Mimi nimestaafu."

Kulwa akaacha kutafuna. Hakuwa na habari, na mimi vilevile sikuwa nazo mpaka nilipojisikia nikilitamka. Nikarudisha mkono kutoka kwenye sahani, kwa sababu ghafla niliona aibu kula pale, jikoni kwa mwanamke niliyemtolea mafiga nje.

Bibi Wankuru akamega tonge, akaliweka upande wangu wa sahani.

"Kula," akaniambia. "Usiogope. Hapa ni kwangu."